Bomba la Moshi la Pikipiki: Historia ya Sauti, Pumzi na Kazi ya Nyumbani

Pikipiki ni miongoni mwa vyombo vya kigeni ambavyo Kiswahili kilivipa jina kwa sikio. Wajerumani walikiita chombo hiki Motorrad, maana yake gurudumu la injini, na Waingereza na Wafaransa nao walikitazama kwa jicho la fundi, wakaunganisha habari ya injini na habari ya gurudumu. Waswahili walisikia mlio unaokatika na kurudi, piki, piki, piki, wakakiita kwa mlio huo. Sasa mlio huo hautoki katika magurudumu wala katika mnyororo. Sehemu yake kubwa hutoka katika mdomo wa bomba la moshi. Kwa hiyo historia ya bomba hilo haiko mbali na historia ya jina lenyewe.

Bomba hili lina majina kadha wa kadha. Katika lugha ya vitabu huitwa bomba la moshi. Mafundi wa gereji huliita ekzosi, na ile sehemu yake nene ya nyuma, yenye vyumba ndani, huiita silensa. Jina la kwanza lataja kazi ya kutoa moshi, na la mwisho lataja kazi ya kunyamazisha. Hapana jina hata moja kati ya haya linaloitaja kazi ya tatu, nayo ni kuisaidia injini kupumua. Hata hivyo kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyowafanya watu wengi, kwa zaidi ya miaka mia moja, kulifungua bomba lililokuja na pikipiki kutoka kiwandani na kufunga jingine nyumbani kwa mikono yao. Wengi waliifanya kazi hiyo wakiamini kwamba kelele ni nguvu. Historia yaonyesha kwamba imani hiyo ina punje ya ukweli, lakini pumba zake ni nyingi.

Yafaa kwanza kueleza sauti yenyewe inavyozaliwa. Petroli ikisha kuwaka ndani ya silinda, hewa ya moto husukuma pistoni chini. Kabla pistoni haijafika mwisho wa safari yake, vali ya kutolea moshi hufunguka, na hewa iliyokuwa imebanwa hutoka kwa ghafula, kama maji yatokayo katika birika lililotobolewa. Kufumuka huko hutokea kila injini inapopiga, na kila kufumuka hupeleka wimbi la msukumo ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti. Wimbi hilo likifika nje bila kizuizi, sikio hulipokea kama mshindo. Silensa hulipitisha wimbi katika vyumba, matundu na pamba za nyuzi zisizoungua, hata likafika nje limechoka. Basi sauti si kitu kilichotiwa katika pikipiki ili ipendeze au ichukize. Ni mabaki ya nguvu ambayo injini imeshindwa kuitumia.

Katika mwaka wa 1885 Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach, huko Cannstatt katika Ujerumani, walifunga injini ndogo ya petroli, yenye nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja, katika chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Nia yao haikuwa kuunda pikipiki bali kuijaribu injini, na kwa nguvu ndogo namna ile suala la kelele halikuwa zito. Mwaka wa 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya München ilianza kutengeneza pikipiki kwa wingi na kuziuza. Miaka mitatu baadaye, yaani 1897, ndugu wawili wa Marekani, Milton Reeves na Marshall Reeves wa Columbus katika jimbo la Indiana, walipata hataza ya chombo cha kupunguza sauti ya moshi wa injini. Hivyo silensa ilizaliwa karibu pamoja na vyombo ilivyokusudiwa kuvinyamazisha.

Silensa hizo za mwanzo zilinyamazisha kwa kuziba. Moshi ulilazimishwa kupita katika njia nyembamba, na moshi usiotoka upesi hubaki ndani ya silinda ukichukua nafasi ya hewa safi. Injini ikawa kama mkimbiaji aliyefungwa kitambaa puani. Kwa ajili hii vyombo vingi vya siku zile viliwekwa kijilango katika bomba, ambacho dereva alikifungua alipofika nje ya mji au alipokuwa akipanda mlima. Kijilango kilipofunguka mambo mawili yalitokea pamoja: kelele iliongezeka, na nguvu iliongezeka. Hapo ndipo ulipo mzizi wa imani iliyotajwa. Mambo mawili yakitokea pamoja mara nyingi, akili ya mwanadamu hufanya moja kuwa sababu ya jingine. Lakini nguvu haikuletwa na kelele. Vyote viwili vililetwa na njia kuwa wazi.

Wala si kweli kwamba waundaji wa zamani waliona kelele kuwa fahari. Kampuni ya Harley-Davidson, iliyoanza katika mji wa Milwaukee mwaka wa 1903, ilijulikana katika miaka yake ya kwanza kwa pikipiki iliyopewa jina la Silent Gray Fellow, yaani mwenzi wa kijivu aliye kimya. Utulivu wa bomba lake ulikuwa sifa ya kumvutia mnunuzi. Kampuni hiyo hiyo, mwaka wa 1994, iliomba serikali ya Marekani iutambue mngurumo wa injini zake kuwa alama yake ya biashara, ikapingwa na washindani, na mwaka wa 2000 ikaliondoa ombi lake. Kati ya kimya kilichouzwa na mngurumo ulioombewa ulinzi kuna muda usiotimia miaka mia moja. Katika muda huo sauti ya bomba iligeuka kutoka aibu ikawa nembo.

Mgeuko huo haukupita bila ugomvi. Uwanja wa mashindano wa Brooklands, karibu na Weybridge katika Uingereza, ulifunguliwa mwaka wa 1907. Katika miaka ya 1920 waliokaa jirani waliupeleka uwanja mahakamani kwa sababu ya kelele. Matokeo yake ni kwamba wenye magari na pikipiki za mashindano walilazimishwa kufunga silensa kubwa ya namna maalumu, ambayo mpaka leo huitwa kopo la Brooklands. Kisa hicho chafaa kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha pande mbili za shauri ambalo halijakwisha: upande mmoja yuko mwenye chombo, anayedai kwamba kilicho chake ni chake, upande wa pili yuko jirani, ambaye hana chombo lakini ana masikio.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa Uingereza walipata fedha kidogo na pikipiki nyingi. Mkahawa wa Ace Cafe, katika barabara ya mzunguko ya kaskazini ya London, ulikuwa umefunguliwa mwaka wa 1938, ukaharibiwa kwa mabomu wakati wa vita, ukajengwa tena mwaka wa 1949. Hapo vijana walikutana na kushindana kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa. Hawakuwa na fedha za kununua pikipiki za mashindano, basi walizigeuza zile walizokuwa nazo. Waliondoa vyuma visivyo vya lazima, wakashusha usukani, wakafunga mabomba mengine. Mahali pa kazi palikuwa ua wa nyumba au kibanda cha bustani. Katika miaka ya 1960 Paul Dunstall wa London aliwauzia silensa zilizotengenezwa mbali na kiwanda cha pikipiki, na moja aliipa jina la Decibel, yaani kipimo chenyewe cha ukubwa wa sauti. Biashara ya mabomba ya kubadilishia ilikuwa imekwisha simama kwa miguu yake.

Lakini ushahidi mkubwa kwamba kelele na nguvu ni vitu viwili mbalimbali haukutoka London. Ulitoka Zschopau, mji mdogo wa Ujerumani ya Mashariki, katika kiwanda cha MZ. Mhandisi Walter Kaaden, ambaye wakati wa vita alikuwa katika kazi ya silaha za kuruka, alikabidhiwa idara ya mashindano katika miaka ya 1950, nayo haikuwa na fedha wala vyuma vya thamani. Injini zake zilikuwa za mipigo miwili. Injini ya namna hiyo haina vali za kawaida. Hufungua na kufunga matundu yake kwa mwendo wa pistoni, na kwa muda tundu la kuingizia na la kutolea huwa wazi pamoja. Kwa hiyo sehemu ya hewa safi iliyochanganyika na petroli hukimbia nje kabla haijawaka.

Kaaden alikuta wazo ambalo Wajerumani wengine, miongoni mwao Erich Wolf wa kampuni ya DKW, walikuwa wamelianza, akalifikisha mahali ambapo hapana aliyewahi kulifikisha. Bomba lake lilianza jembamba, likapanuka polepole kama tarumbeta, kisha likasinyaa tena na kuishia katika mrija mwembamba. Kila umbo lilikuwa na kazi yake. Wimbi la msukumo likifika panapopanuka, hurudisha nyuma wimbi la kufyonza, nalo huvuta moshi utoke na hewa safi iingie kwa wingi. Wimbi likifika panaposinyaa, hurudisha nyuma wimbi la kusukuma, nalo huwahi kwenye tundu kabla halijafungwa na kuirudisha ndani ya silinda ile hewa safi iliyokuwa ikitoroka. Bomba lisilo na kipande hata kimoja kinachotembea likafanya kazi ya vali na ya pampu. Urefu na mapana yake yalipimwa ili mawimbi yarudi kwa wakati wake, na Kaaden aliyachunguza kwa chombo cha kuonyesha mawimbi juu ya kioo. Mwaka wa 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu ya farasi 25, yaani kiasi cha farasi 200 kwa kila lita, jambo ambalo hapana injini ya mashindano iliyokuwa imelifikia bila kusaidiwa na pampu ya kusindika hewa.

Elimu hiyo ikawa mali ya kugombewa. Katika Agosti ya mwaka huo ukuta ulijengwa katikati ya Berlin. Mwezi uliofuata, katika mashindano ya Sweden huko Kristianstad, dereva wa MZ aitwaye Ernst Degner, aliyekuwa karibu kuwa bingwa wa dunia, alitoroka kwenda upande wa Magharibi, na jamaa zake nao wakatoroshwa. Degner alikwenda Japani, akaipa kampuni ya Suzuki maarifa aliyoyapata Zschopau. Mwaka wa 1962 yeye huyo aliiletea Suzuki ubingwa wake wa kwanza wa dunia, katika daraja la sentimita za ujazo 50. Kaaden alibaki kwao, na siri yake ikasambaa ulimwenguni kote. Baada ya muda mabomba ya umbo lile yaliuzwa madukani, na kijana yeyote mwenye pikipiki ya mipigo miwili aliweza kulifunga nyumbani.

Hapa sikio hushindwa hoja. Mwenye pikipiki ya mipigo miwili akikata mkia wa bomba la namna hii ili lipige kelele zaidi, atapata kelele anayoitaka, lakini wimbi la kurudisha hewa litapotea, petroli itakimbia nje, na nguvu itapungua. Bomba lililo wazi kabisa huwa bomba baya kabisa. Debe tupu, kama wasemavyo wahenga, haliachi kuvuma.

Kwa injini za mipigo minne somo lilikuwa jingine, lakini la ukoo ule ule. Mwaka wa 1969 Honda ilianza kuuza pikipiki yake ya CB750 yenye silinda nne na mabomba manne. Hideo Yoshimura, fundi wa Fukuoka aliyejipatia sifa kwa kuzirekebisha pikipiki za askari wa Marekani baada ya vita, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyaunganisha mabomba manne yakawa moja, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Faida ilikuwa mbili. Kwanza, chuma cha kilo nyingi kiliondoka. Pili, moshi wa silinda moja ukipita kwa kasi penye maungano, huufyonza moshi wa silinda inayofuata, ikiwa urefu wa mabomba umepimwa sawasawa.

Kazi ya kufunga bomba la namna hiyo nyumbani yaonekana nyepesi, na kwa kiasi fulani ni nyepesi kweli, maana huhitaji spana chache na subira nyingi. Injini huachwa ipoe. Nati za penye kichwa cha injini, ambazo moto na kutu huzishika kwa miaka, hutiwa mafuta ya kulainisha na kuachwa, kwa sababu bolti ikikatikia ndani ya kichwa, kazi ya saa moja huwa kazi ya siku kadhaa. Gasketi ya zamani hutolewa na kuwekwa mpya. Bomba jipya hushikizwa kote bila kukazwa, kisha hukazwa kuanzia kwenye injini kwenda nyuma, ili lisikae kwa kuvutwa na kupasuka baadaye. Alama za vidole hufutwa kabla injini haijawashwa, la sivyo mafuta ya ngozi huungua na kuacha doa la daima juu ya chuma.

Lakini asili ya makosa mengi haikuwa katika spana. Bomba linalopitisha moshi kwa wepesi huifanya injini kuvuta hewa zaidi, na hewa ikizidi bila petroli kuongezwa, mchanganyiko huwa hafifu. Mchanganyiko hafifu huwaka kwa joto kali. Dalili zake ni milipuko midogo katika bomba dereva anapopunguza mafuta, na plagi inayotoka nyeupe badala ya rangi ya udongo. Vijana wengi waliisikia ile milipuko wakaipenda, wakidhani ni ushahidi wa nguvu, kumbe injini ilikuwa ikilalamika. Mafundi wa zamani walibadilisha tundu la kabureta la kupitishia petroli na kusoma rangi ya plagi kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa. Katika pikipiki za sasa petroli hupimwa na kompyuta ndogo, na bomba lenyewe hubeba sensa ya oksijeni na kichocheo cha kusafisha moshi. Kuling'oa bomba la namna hiyo ni kuondoa kiungo kimoja cha mwili, si kubadilisha vazi.

Sheria nazo zilifuata nyuma ya masikio ya majirani. Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti kelele mwaka wa 1972, na kwa kanuni za mwaka wa 1980 pikipiki za barabarani zilizotengenezwa tangu 1983 hazikuruhusiwa kuzidi desibeli 83, kisha desibeli 80 tangu 1986. Tofauti hii ya tatu si ndogo kama inavyoonekana, kwa kuwa kila desibeli 3 ni karibu maradufu ya nguvu ya sauti, na desibeli 10 ni mara kumi. Mabomba ya kubadilishia nayo yalitakiwa kupigwa chapa ya kuthibitisha kwamba yanatii. Lakini fedha za ofisi iliyosimamia kanuni hizo zilikatwa mwaka wa 1982, sheria ikabaki bila mlinzi. Jimbo la California lilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria ya mwaka wa 2010, iliyohusu pikipiki na mabomba yaliyotengenezwa tangu 2013. Huko Tirol katika Austria, majira ya kiangazi ya mwaka wa 2020, pikipiki zenye kelele ya zaidi ya desibeli 95 zikiwa zimesimama zilikatazwa kupita katika baadhi ya barabara za milimani, hata kama ziliandikishwa kihalali.

Afrika ya Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa kazi. Bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, na katika karne hii ya 21 pikipiki za silinda moja, za mipigo minne, aghalabu za sentimita za ujazo 100 hadi 150, zikachukua nafasi ya baiskeli. Hapa pia wako wanaobadilisha silensa, au wanaotoboa matumbo yake. Injini ndogo ya namna hii haina nguvu nyingi ya kufichuliwa. Kinachopatikana ni mshindo, na kinacholipwa ni petroli na vali zinazoungua mapema. Kwa mtu ambaye pikipiki ni jembe lake, hiyo si hasara ndogo.

Hoja inayotolewa mara nyingi, katika nchi nyingi, ni kwamba kelele humlinda dereva kwa kuwaonya wenye magari. Hoja hiyo yastahili kusikilizwa kwa heshima, maana wanaoitoa ndio wanaokufa barabarani. Hata hivyo mdomo wa bomba huelekea nyuma, na hatari kubwa huja mbele, kwa gari linalokata njia. Kelele humfikia kwa ukamilifu yule ambaye pikipiki imekwisha mpita: mgonjwa kitandani, mtoto aliyelala, mwalimu darasani. Kenya iliweka kanuni za kelele mwaka wa 2009, na Tanzania mwaka wa 2015. Kanuni hizo hazikuanzisha haki mpya. Ziliandika haki ile ile waliyoidai majirani wa Brooklands.

Kiswahili kina maneno ya kulimaliza shauri hili. Kila kitu kina mlio wake, na mlio si kosa. Mlio ukizidi haja huitwa kelele, na neno hilo lina lawama ndani yake. Bomba lililotengenezwa kwa elimu, kama la Kaaden au la Yoshimura, lilitafuta pumzi, na sauti ikafuata. Bomba lililotobolewa kwa nyundo hutafuta kelele, na pumzi haifuati.

Leo katika miji ya Nairobi na Kigali zapita pikipiki za umeme, zisizo na petroli, wala vali, wala bomba la moshi. Hupita kimya, na watu huziita pikipiki vilevile. Injini ya petroli ikitoweka siku moja katika barabara, jina lake litabaki vinywani mwa watu likihifadhi mlio ambao wasemaji wake hawatakuwa wameusikia.